Kesi ya Goli la Masalani

Masalani, makao ya Ijara katika kaunti ya Garissa, si mji wa kukosa kesi. Ziko kesi za malisho, za ngamia walioingia mashambani kando ya Mto Tana, za mahari iliyolipwa nusu, za deni la duka ambalo baba alikufa akiliacha. Zote zina wazee wake na kivuli chake, na zote siku moja huisha, watu wakanywa chai. Kesi ya goli haikuwa na mzee aliyeizoea. Ilianza jioni moja baada ya Alasiri, na mpaka sasa haijapata pa kulala.

Mambo yalikuwa hivi. Vijana wa bodaboda walikuwa wakicheza na vijana wa sokoni, mshindi achukue mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwapo, amefungwa kichakani nyuma ya goli, akitafuna katoni bila haraka. Bao lilikuwa moja kwa moja, dakika zimebaki chache, jua linaelekea ng'ambo ya mto na adhana ya Magharibi iko njiani, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na mpango wa muda wa nyongeza. Winga wa sokoni akakata kutoka kulia, akapiga. Mpira ukampita kipa, ukapita karibu na nguzo ya kushoto, ukaendelea na safari yake hadi vichakani.

Ndani ya nguzo au nje?

Goli halikuwa na wavu. Nguzo zake ni magogo ya mathenge, na mathenge hauendi wima hata ukiubembeleza. Nguzo ya kushoto imeanza vizuri kutoka ardhini, ikafika usawa wa goti ikaghairi, ikainama nje, kisha ikafika usawa wa bega ikajuta na kurudi. Juu yake, mahali pa mtambaapanya, imefungwa kamba. Ina maana mpira uliopita usawa wa kiuno waweza kuwa ndani ukihesabu pale ulipopita, na nje ukihesabu shina la nguzo. Sheria za soka zinataka nguzo mbili zilizosimama wima, mita 7.32 kati yake, na zinataka mpira mzima uvuke mstari mzima. Hazisemi lolote kuhusu nguzo iliyobadili nia njiani.

Refa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole anayemiliki kipenga chake mwenyewe, na hicho kipenga ndicho kilichompa kazi. Miguuni alivaa akala. Sekunde ileile winga alipopiga, mwiba wa mathenge ulipenya akala wa kulia ukafika kwenye wayo. Mti huu uliletwa Kenya kuzuia jangwa, nao ukaamua kwamba jangwa ni mali yake. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliufikisha mpaka Mahakama Kuu, na miongoni mwa vielelezo walipeleka mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake. Miba yake hutoboa tairi za pikipiki, kwa hiyo wayo wa mwalimu ulikuwa kazi ya mkono mmoja. Akainama. Alipoinua kichwa, nusu ya uwanja ilikuwa inarukaruka na nusu nyingine imeshika vichwa kumsikitikia mpigaji aliyekosa. Akamgeukia mshika kibendera wa upande ule. Mshika kibendera alikuwa amekwenda kutia udhu.

Mwalimu akafikiri kadiri mtu mwenye mwiba mguuni anavyoweza kufikiri, akapuliza, akaonyesha mpira wa goli.

Magharibi iliwakuta wote katika safu moja, bega kwa bega, kimya. Baada ya salamu kimya kikaisha.

Usiku shauri lilihamia kwenye banda la mpira, lile la mabati lenye mabenchi ya mbao na runinga iliyofungwa minyororo ili isitembee. Hapo ndipo mahakama ya rufaa ya mji. Ubaya wa zama hizi ni kwamba shabiki hatetei hoja yake kwa macho yake peke yake. Ana rejea, ana tarehe, na ana simu yenye bando.

Wa kwanza kusimama alikuwa mwuza nyama, mtu wa sokoni na mtu wa Liverpool, mambo mawili yaliyompa uchungu maradufu. Alianzia mbali. Tarehe 30 Septemba 2023, alisema, Tottenham na Liverpool, mechi imeanza saa moja na nusu usiku kwa saa za hapa, watu wanatoka Isha wanakuta mpira umeshaanza. Liverpool wamebaki kumi kwa kadi nyekundu ya Curtis Jones. Dakika ya 34 Luis Díaz anafunga, kibendera kinapanda, eti ameotea. Kwenye chumba cha video wanapima mistari, wanaona Díaz hakuotea hata kidole, na refa wa video, Darren England, anatangaza kwamba ukaguzi umekamilika. Tatizo lilikuwa moja tu: alidhani refa wa uwanjani ametoa bao. Kwa hiyo alipoidhinisha uamuzi, aliidhinisha kukataliwa kwa bao ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelikubali. Mchezo ukaanza tena. Mle ndani wakashtuka, fundi wa picha akashauri mechi isimamishwe, jibu likawa kwamba hakuna la kufanya tena. Siku tatu baadaye sauti zao zikatolewa hadharani, na dunia ikasikia watu wazima wakigundua kosa wakiwa wamekwisha kulitia muhuri. Tottenham walishinda 2-1, bao la mwisho Joel Matip akijifunga dakika ya sita ya nyongeza, Liverpool wakiwa wamebaki tisa.

"Wenye kamera zote zile waliomba radhi," alimalizia mwuza nyama, "na huyu mwenye akala hata pole hajasema."

"Radhi si bao, abti," alijibu dereva mmoja wa bodaboda mwenye jezi ya Arsenal. "Waliombwa radhi, wakapewa pointi?"

Hawakupewa. Kocha wao, Jürgen Klopp, alisema mechi ingefaa irudiwe, na haikurudiwa. Mtu wa tatu akaongeza, kwa sauti ya anayemaliza mjadala, kwamba marefa wale wa video walikuwa Sharjah siku mbili kabla wakichezesha mechi ya ligi ya Falme za Kiarabu, na kila mwenye ndugu Ghuba anajua mtu hurudi kutoka kule akiwa nusu. Hoja hiyo haikuwa upande wa yeyote, lakini ilipendwa sana.

Aliyemtetea mwalimu hakuwa shabiki kabisa. Alikuwa mama anayeuza chai mlangoni mwa banda, aliyesikia majina ya marefa miaka mingi akipimia watu sukari. Alichotaka kujua ni kama kuna aliyempa mwalimu maji. Hakuna. Akawakumbusha Mzambia. Tarehe 12 Januari 2022, huko Limbe, Cameroon, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, Mali wanaongoza Tunisia 1-0, refa Janny Sikazwe akapuliza kumaliza mechi dakika ya 85. Akaambiwa bado, akaendelea. Akapuliza tena zikiwa zimebaki sekunde kadhaa kutimia dakika 90, bila hata dakika moja ya nyongeza. Benchi la Tunisia likavamia uwanja. Baadaye timu zikaitwa zirudi kumalizia, Mali wakarudi, Tunisia wakagoma. Ulimwengu ulimcheka Sikazwe, mpaka ilipojulikana kwamba joto na unyevu vilimpiga, na yeye mwenyewe akaeleza kwamba alikuwa karibu kufa.

Ikumbukwe haya yalisemwa Masalani, mji ambao jua lake halihitaji kusimuliwa. Banda zima lilinyamaza kwa heshima ya Mzambia. Kisha mtu akauliza kwa nini basi mwalimu hakumaliza mechi mapema, shetani wa ubishi akarudi kukaa.

Fundi cherehani kutoka Lamu, shabiki wa Yanga kwa urithi, naye alikuwa na lake, na alilisema kwa ufupi wa mtu ambaye bado linamuuma. Pretoria, tarehe 5 Aprili 2024, usiku wa kumi la mwisho la Ramadhani, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Dar es Salaam wametoka 0-0 na Mamelodi Sundowns, huku nako hakuna bao. Stephane Aziz Ki anaachia shuti, linagonga mtambaapanya, linashuka nyuma ya mstari, linatoka. Refa anasema si bao, video inasema si bao, na Afrika Mashariki nzima imeona bao. Penalti: Sundowns 3, Yanga 2. "Uwanja ule una nguzo za chuma," alisema fundi, "zimesimama kama jeshi. Sasa mnalia na mti wa mathenge?"

Halafu akasimama yule kijana wa chuo.

Alikuwa likizo kutoka Nairobi, mrefu, mchezaji wa mpira wa kikapu, na kwa sababu hiyo hakuwa akichukuliwa kwa uzito wowote. Lakini ana mama mdogo Minneapolis, na ni nani Garissa asiye na mtu Minneapolis. Alisema mtaa wa Cedar-Riverside, ambako Wasomali wamejaa mpaka watu wanauita Mogadishu Ndogo, uko kituo kimoja tu cha treni kutoka uwanja mkubwa wa U.S. Bank. Tarehe 6 Aprili 2019 uwanja huo ulichezewa nusu fainali ya mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, Virginia na Auburn, mbele ya zaidi ya watu 70,000.

"Vyuo?" aliuliza mzee mmoja mwenye ndevu za hina, aliyeingia bandani kumtafuta mwanawe akakuta kiti. "Hao ni wanafunzi?"

"Ndiyo, adeer."

"Na watu elfu sabini wanatazama wanafunzi hawasomi."

Kijana akaendelea. Sekunde za mwisho, Auburn wanaongoza 62-60, na hapa Masalani ni saa tisa na kitu usiku wa kuamkia Jumapili. Ty Jerome wa Virginia anapandisha mpira akidunda. Mpira unamgonga kisigino, unamponyoka nyuma, anaudaka kwa mikono miwili. Kisha anaanza kuudunda tena. Kudunda, kushika, kudunda upya: mtoto yeyote anayecheza kikapu anajua hilo ni kosa na mpira ni wa wenzako. Marefa ni watatu. Hakuna kipenga. Na kosa la aina hiyo halikuwa kwenye orodha ya mambo ambayo marefa waliruhusiwa kuyarudia kwenye video.

Auburn, wasiojua kwamba wamedhulumiwa, wakamshika Jerome makusudi kupoteza muda, maana walikuwa na makosa ya akiba. Imebaki sekunde moja na nusu. Mpira ukarushwa kwa Kyle Guy kwenye kona, akaruka, akapiga ya pointi tatu, ikagonga chuma ikatoka. Watu wa Auburn wakaanza kushangilia. Sasa ndipo kipenga kikalia: Samir Doughty alikuwa amemwingilia Guy hewani. Sekunde 0.6. Mipira mitatu ya adhabu. Guy alitia wa kwanza, akatia wa pili, akatia wa tatu. Virginia 63, Auburn 62, na siku mbili baadaye Virginia wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza, wakiwafunga Texas Tech 85-77 katika muda wa nyongeza.

Banda likagawanyika upya, na safari hii bila kufuata bodaboda wala soko. Upande mmoja ulisema kosa la mwisho lilikuwa halali, kipenga kimelia panapostahili, mengine ni majungu. Upande mwingine ulisema kosa la kwanza ndilo lililozaa la pili: mwizi akiiba ngamia jike na jike akazaa nyumbani kwa mwizi, ndama ni wa nani? Hoja ya ndama ilimsimamisha yule mzee wa ndevu za hina. Alitaka kujua waliodhulumiwa walidai nini.

"Hawakudai, adeer. Kocha wao, Bruce Pearl, alisema mechi ina maamuzi mengi, mengine utayapata, mengine hutayapata."

"Huyo ana watoto," alisema mzee. Wengine walikunja nyuso. Walitarajia angalau vita.

Kijana akaona amepata sikio, akaongeza la pili. Virginia tena, tarehe 11 Februari 2023, dhidi ya Duke, sare 58-58, king'ora kinakaribia kulia. Kyle Filipowski wa Duke anapanda kutia, anaangushwa, marefa wanapuliza. Wanakwenda kwenye video, wanarudi wakisema muda ulikuwa umekwisha, hakuna adhabu. Muda wa nyongeza, Virginia 69, Duke 62. Usiku huohuo wenye ligi wakatangaza kwamba marefa walikosea na Filipowski alistahili mipira miwili ya adhabu. Hata baada ya tangazo hilo, matokeo hayakubadilika hata pointi moja. Dereva mwenye jezi ya Arsenal aliuliza kama Virginia wana mganga.

Siku ya tatu ikazuka video.

Mtoto mmoja alikuwa amesimama karibu na mbuzi akirekodi kwa simu ya dadake. Habari ilifika sokoni kabla ya mtoto mwenyewe. Simu ikawekwa juu ya sinia lililogeuzwa, vichwa vikakutana, video ikachezwa. Ilikuwa safi kuliko alivyotarajia mtu: winga anaonekana, kipa anaonekana, mpira unapita, nguzo imeinama kama kawaida yake. Ilipokwisha, mwuza nyama aliinuka akapiga kofi moja la ushindi: "Si mmeona!" Na katika pumzi hiyohiyo dereva wa bodaboda akainuka: "Si mmeona!" Ikachezwa tena, polepole. Kila mmoja akaona zaidi kile alichokuwa ameona.

Wasomi wawili wa Marekani wangefurahi kuwapo. Tarehe 23 Novemba 1951 vyuo vya Princeton na Dartmouth vilicheza ule mpira wao wa miguu unaochezwa kwa mikono. Nyota wa Princeton, Dick Kazmaier, alitoka amevunjika pua, mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu, Princeton wakashinda 13-0, na magazeti ya vyuo viwili yakaandika kana kwamba yalihudhuria mechi mbili tofauti. Albert Hastorf wa Dartmouth na Hadley Cantril wa Princeton wakachukua filamu moja ya mechi, wakawaonyesha wanafunzi wa pande zote, wakawataka wahesabu makosa. Wanafunzi wa Princeton waliona Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya maradufu ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Filamu moja, macho tofauti. Kilichonoga zaidi katika ripoti yao ya 1954 ni mzee mmoja aliyesoma Dartmouth, aliyetumiwa nakala ya filamu ili akawaonyeshe wenzake. Aliitazama mapema, hakuyaona makosa mabaya aliyosikia wanasingiziwa, akapeleka simu ya maandishi kulalamika kwamba vipande muhimu vimekatwa, vitumwe haraka kwa ndege, wao wana vifaa vya kuviunganisha.

Huyo mzee angeishi Masalani bila kuhitaji mwenyeji. Sokoni nako walisema video imekatwa.

Hapa Ijara, ndani ya hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, wako swala wanaoitwa hirola, na duniani kote wanakadiriwa kuwa hawafiki 500. Hao angalau ukiwahi alfajiri unaweza kuwabahatisha. Shabiki anayetazama marudio na kusema refa alikuwa sahihi dhidi ya timu yake, huyo hata askari wa wanyamapori hajaripoti.

Ikabidi wazee. Walikaa watatu chini ya mwarobaini, wakaletewa chai ya maziwa, wakaanza kama inavyoanzwa. Nguzo ni ya nani? Nani aliipanda? Iliinama kabla ya mechi au wakati wa mechi? Walikwenda kuitazama wenyewe, wakaizunguka, mmoja akaipima kwa bakora yake kutoka chini, kisha kutoka usawa wa kiuno, akatikisa kichwa. Pande zote mbili zilijitolea kuapa. Mzee wa ndevu za hina akakataa, akasema Msahafu hautolewi kabatini kwa ajili ya mpira. Maazimio ya Modogashe ya mwaka 2001, ambayo watu wa kaskazini mashariki huyataja wakisuluhishana, yana mafungu ya mifugo iliyoibwa. Goli lililoibwa halimo.

Mwalimu aliitwa, akaja akichechemea. Wengine walitaka avuliwe kipenga. Fundi cherehani, ambaye tangu Pretoria amekuwa mtetezi wa kila aliyeko matatani, akaomba kusema. Alisema makosa ya marefa hayajawahi kuwanyima riziki. Tofiq Bahramov wa Azerbaijan, mshika kibendera wa fainali ya Kombe la Dunia ya 1966, alisema mpira wa Geoff Hurst umevuka mstari, na Wajerumani wanabisha mpaka leo. Kwao Baku uwanja wa mpira umepewa jina lake na mbele yake wamemsimamishia sanamu. Ali Bennaceur wa Tunisia hakuona mkono wa Maradona mwaka 1986 pale Mexico. Maradona mwenyewe alikwenda kumtembelea Tunisia mwaka 2015, na mwaka 2022 Bennaceur akauza mpira wa mechi ile kwa mnada London, pauni milioni mbili.

Wazee walitaka jumla hiyo kwa ngamia. Hesabu ilifanywa mchangani, ikafika mahali ngamia wakawa wengi kuliko malisho, ikafutwa. Mwalimu, kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, aliuliza swali: ule mpira wao uko wapi? Akaambiwa ulipoingia vichakani siku ile ulikutana na mathenge, na watoto wameshaukata vipande wakatengeneza manati.

Hukumu ilitoka kabla ya Adhuhuri. Refa akishapuliza, amepuliza, jambo ambalo sheria za soka nazo zinasema kwa maneno marefu zaidi. Hata hivyo shaka imeingia, na mwenye shaka halali. Kwa hiyo mbuzi achinjwe, nyama igawanywe nusu kwa nusu, na mwalimu apewe maini kwa ajili ya mguu wake. Wote wakasema sawa. Jioni ileile bodaboda wakawa wanauliza, kwa nini refa apewe maini kama hakula rushwa, na soko likawa linauliza, kwa nini apewe maini wakati ametunyima bao. Ilikuwa mara ya kwanza pande hizo mbili kukubaliana.

Fungu la mwisho la hukumu lilihusu goli lenyewe: nguzo mpya zilizonyooka, na wavu. Wazee hawakujua walikuwa wanarudia njia ya Mwingereza mmoja. John Brodie, mhandisi wa jiji la Liverpool aliyekuja baadaye kushiriki kujenga barabara ya chini ya mto Mersey, alihuzunishwa mwaka 1889 na bao la Everton lililokataliwa kwa sababu hakuna aliyejua kama mpira ulipita ndani au nje. Akabuni wavu wa goli, akausajili, na kufikia 1891 ulikuwa unajaribiwa mechini. Inasemekana kati ya kazi zake zote, wavu ndio aliojivunia. Masalani hakukuwa na wavu wa Brodie dukani, lakini kulikuwa na wavuvi wa Tana, na mmoja wao alitoa nyavu kuukuu alizokuwa amezistaafisha. Zikafungwa, zikavutwa, zikapendeza.

Mechi ya marudiano ikachezwa, mbuzi mpya akafungwa mahali pa yule wa kwanza. Mwalimu alikuja na viatu vya kufunga kamba na chupa ya maji aliyopewa na mama wa chai. Mshika kibendera alitia udhu mapema. Kipindi cha pili, hakuna bao, dereva mwenye jezi ya Arsenal akapiga kichwa kutoka pembeni, mwalimu akiwa hatua chache tu, macho makavu, hana mwiba popote. Mpira ukatulia ndani ya wavu, kila mtu akauona. Akapuliza bao.

Kipa wa soko hakubisha. Alitembea polepole hadi ubavuni mwa goli, upande wa nje, akaingiza mkono kwenye tundu alilokuwa ameliacha kambale fulani wa Tana, akaupungia umati kutoka ndani.

Kabla mkono haujatoka, mwuza nyama alikuwa ameshatoa simu. Hoffenheim na Bayer Leverkusen, tarehe 18 Oktoba 2013: Stefan Kiessling alipiga kichwa kikatoka nje, mpira ukapenya tundu la wavu wa pembeni, refa Felix Brych akatoa bao, Leverkusen wakashinda 2-1, kesi ikafika mbele ya mahakama ya shirikisho la soka la Ujerumani.

Mzee wa ndevu za hina, ambaye siku hizi hakosi mechi, alikuwa ameshasogezewa kiti.

"Wajerumani waliamuaje?"

"Bao lilibaki, adeer. Mechi haikurudiwa."

"Na mbuzi?"

"Hawakuwa wakichezea mbuzi, adeer."

Mzee akafikiri, akaegemea bakora yake. "Basi hiyo haifanani na yetu," akasema. "Leteni chai."